Duka Huuzika, Imani Haiuziki

Bwana Mhariri,

Nakuomba unipe nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nitoe maoni yangu juu ya jambo moja ambalo wengi wetu twalitumia kila siku bila kulifikiri. Jambo lenyewe lilinijia siku ile tulipokutana shuleni sisi wanafunzi wa zamani. Baada ya chakula nilizunguka kuona mambo yaliyobadilika, nikafika katika chumba cha kompyuta. Humo nilimkuta kijana mmoja wa kidato cha pili amefungua tovuti ya benki ambayo baba yake huitumia kulipa ada ya shule. Alikuwa amebonyeza mahali palipoandikwa habari za usalama, akaona jina la kampuni ya kigeni asiyoijua. Akaniuliza: "Bwana, benki hii naijua, iko mjini. Lakini huyu aliyeitilia muhuri ni nani? Nani aliyemwambia baba yangu amwamini?"

Nilimjibu kwamba hiyo ni kampuni kubwa ya Marekani, asiwe na wasiwasi. Alinishukuru kwa adabu akaendelea na kazi yake. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani niliona haya, maana kusema kweli sikumjibu. Aliniuliza habari za imani, nami nikamtajia ukubwa. Basi haya niandikayo ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile, na wenzake pia wayasome.

Kwanza yafaa tujue muhuri huo ni kitu gani. Maneno tuyapelekayo kwa kompyuta au kwa simu hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika. Hupita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, hupita katika nyaya zilizo chini ya bahari, hupita katika nchi za watu. Kila aliye njiani aweza kuyatazama, kama msafiri awezavyo kusoma barua isiyofungwa aliyopewa aipeleke. Kwa hiyo maneno ya siri hufungwa kwa fumbo, na ufunguo wa kufumbua huwa nao yule tu anayepelekewa. Lakini hapo ndipo shida inapoanza. Nitajuaje kwamba ufunguo niliopewa wa kufungia ni wa benki yangu kweli, wala si wa mwizi aliyesimama katikati ya njia akijiita benki?

Hapo ndipo anapoingia mtoa vyeti. Yeye huhakikisha kwamba anayeomba cheti ndiye mwenye jina la tovuti ile, kisha huandika cheti na kukitia sahihi yake. Nacho kivinjari, yaani ile programu tunayosomea tovuti, kina orodha ya watoa vyeti wanaoaminiwa. Orodha hiyo haitungwi na serikali zetu wala na benki zetu. Hutungwa na wenye programu hizo, yaani Google, Mozilla, Apple na Microsoft, nayo ina vyeti vya shina zaidi ya 100. Cheti cha tovuti kikiwa kimetokana na shina mojawapo katika hayo, kivinjari hunyamaza na kukupitisha. Kisipotokana nalo, hukuonya na kukuzuia.

Tena kuna mambo mawili ambayo watu wengi hawayajui. La kwanza ni kwamba cheti hakisemi kuwa mwenye tovuti ni mtu mwema. Husema tu kwamba unaongea na mwenye jina lile. Mwizi naye aweza kununua jina linalofanana na la benki, akapata cheti halali kwa jina lake hilo. Ndiyo sababu mwaka 2023 Google iliiondoa picha ya kufuli katika kivinjari chake cha Chrome, kwa kuwa watu waliidhania kuwa ni alama ya wema. La pili ni zito zaidi. Kila mtoa vyeti aliye katika orodha ile aweza kutia sahihi kwa jina la tovuti yoyote duniani. Aliye Ulaya aweza kutoa cheti cha benki ya Kampala, wala kivinjari hakitashangaa. Boma lenye milango mia haliwi salama kwa kufunga milango tisini na tisa.

Sasa nije kwenye shabaha yangu. Kampuni hizi za vyeti huuzwa na kununuliwa kama maduka mengine. Je, zikiuzwa, imani yetu huuzwa nazo?

Sisi tuliopita katika shule hii twaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Tulipotoka hapa, kila mmoja alibeba barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri wa shule. Mwajiri wa mjini hakutujua sisi, aliujua muhuri. Aliuamini kwa sababu wale waliotutangulia walikwenda na barua kama hizo, nao wakaonekana kuwa watu wa kweli. Haya, fikirini siku moja shule inauzwa kwa mfanyabiashara wa mbali, pamoja na meza, viti, vitabu na muhuri ule, wala mwajiri haambiwi. Barua zitaendelea kutoka. Jina ni lile lile, wino ni ule ule. Je, mwajiri aendelee kuziamini? Mimi nasema asiendelee mpaka amjue mwenye shule mpya na mwenendo wake. Na akifichwa, ana haki ya kukasirika.

Maoni yangu, basi, ni haya. Anayenunua kampuni ya vyeti amenunua nyumba, mitambo, wateja na jina. Imani ya watu hakuinunua. Ameazimwa tu, na yampasa aistahili upya mbele ya macho ya wote. Nitaleta mifano mitatu, na wa kwanza umeanzia katika bara letu hili.

Mwaka 1995 kijana mmoja wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha kampuni iitwayo Thawte katika gereji ya wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutoa vyeti vya tovuti, wakati ambapo watu wachache sana walijua kwamba kazi hiyo ipo. Mwaka huo huo kampuni ya VeriSign ilianzishwa Marekani kwa kazi ile ile. Thawte ilikua upesi, ikawa mshindani ambaye VeriSign haikuweza kumdharau. Mnamo Desemba 1999 VeriSign iliinunua kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 575. Shuttleworth alikwenda zake na mali yake. Mwaka 2002 alisafiri mpaka anga za juu, wa kwanza katika raia wa Afrika Kusini, na mwaka 2004 alianzisha mradi wa Ubuntu ambao programu zake hutumiwa bure katika shule nyingi. Simlaumu hata kidogo kwa kuuza. Alichopanda alikuwa na haki ya kukivuna.

Lakini tutazame yaliyofuata. Thawte ilikuwa na desturi moja nzuri. Kwa wale waliotaka vyeti vya barua zao, kulikuwa na mashahidi wa kujitolea katika nchi nyingi. Mwombaji alikutana nao ana kwa ana, wakatazama kitambulisho chake, ndipo wakamshuhudia. Ilikuwa imani ya mtu kwa mtu, kama ile ya kijijini, ambako mgeni hapokewi mpaka aletwe na anayejulikana. Mwaka 2009 VeriSign iliufunga mpango huo. Pengine haukuleta faida. Lakini jina la Thawte halikufungwa, maana jina liliendelea kuuza.

Nayo VeriSign ilikuwa imekwisha kununua mshindani mwingine, GeoTrust, mwaka 2006, kwa dola milioni 125. Kisha mwaka 2010 VeriSign yenyewe ikaiuza kazi yake ya vyeti, pamoja na Thawte na GeoTrust ndani yake, kwa kampuni ya Symantec, kwa dola bilioni 1.28. Hivyo majina matatu yaliyokuwa yakishindana sokoni yakawa chini ya paa moja. Mnunuzi wa cheti aliona maduka matatu, kumbe mwenye duka ni mmoja.

Mnamo Septemba 2015, Google iliona cheti cha jina la google.com kilichotolewa chini ya jina la Thawte, wala Google haikukiomba. Symantec ilieleza kwamba watumishi wake walikuwa wakijaribu mitambo, nayo ikawafukuza kazi. Ilisema vyeti vya namna hiyo vilikuwa 23. Wengine walipochungulia waliona vingine, na Symantec ilipotafuta tena iliona 164 zaidi kwa majina 76 ya tovuti, na vingine 2,458 vya majina ambayo hayakuwa yameandikishwa na mtu yeyote. Mnamo Januari 2017 mtafiti mmoja wa kujitegemea aligundua vyeti vingine vibaya. Ikaonekana kwamba Symantec ilikuwa imewaachia mawakala wa nje kazi ya kuthibitisha waombaji, bila kuwasimamia inavyopasa. Mnamo Machi 2017 Google ilisema vyeti visivyoweza kutegemewa huenda vikawa 30,000 au zaidi. Symantec ilikataa, ikasema vibaya ni 127 tu na kwamba hakuna mtumiaji aliyedhurika.

Mimi si mwamuzi wa hesabu hizo. Nauliza swali moja tu. Watu walioiamini Thawte ya mwaka 1998, walimwamini nani? Walimwamini kijana wa Cape Town na mashahidi wake. Mwaka 2015 kijana yule alikuwa amekwenda miaka 16 iliyopita, mashahidi walikuwa wamefungiwa, kampuni imepita mikono miwili. Kilichobaki ni jina, na jina lile lile ndilo lililofungua mlango katika kila kompyuta.

Mwishowe Symantec iliuza kazi yake ya vyeti mwaka 2017 kwa DigiCert, kampuni ya jimbo la Utah, Marekani, kwa dola milioni 950 na sehemu ya hisa. Nitarudi kwenye uuzaji huu, maana una fundisho lake.

Mtu aweza kusema, "Ikiwa hakuna aliyedhurika, kelele za nini?" Basi mfano wa pili ni wa mahali ambapo watu walidhurika kweli. Huko Uholanzi kulikuwa na kampuni iitwayo DigiNotar. Haikuwa kubwa, lakini iliaminiwa sana, hata serikali ya Uholanzi ilitumia vyeti vyake katika kazi zake. Mnamo Januari 2011 ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani iitwayo VASCO, kwa kiasi cha yuro milioni 10. Miezi michache baadaye, mnamo Juni, wezi waliingia katika mitambo yake, na Julai walianza kujitolea vyeti vya uongo. Vilifika zaidi ya 500, na kimojawapo kilikuwa cha google.com.

DigiNotar iliutambua wizi huo mnamo Julai. Ilifanya nini? Ilifuta vyeti ilivyoviona, ikanyamaza. Haikuwaambia wenye vivinjari, wala haikuuambia umma. Mwisho wa Agosti mtu mmoja wa Iran aliona kivinjari chake kinamwonya alipofungua barua zake, akauliza mbele ya watu kuna nini. Hapo ndipo ulimwengu ulipojua. Wachunguzi walihesabu anwani za kompyuta kama 300,000 zilizokutana na cheti kile cha uongo, karibu zote za Iran. Wenye anwani hizo waliamini kwamba barua zao zasomwa na wao na Google tu, kumbe palikuwa na mtu katikati. Katika nchi ambako mtu aweza kutiwa gerezani kwa maneno aliyoyaandika, hilo si jambo dogo.

Wachunguzi waliona pia kwamba katika mitambo ile nenosiri lilikuwa rahisi kubahatisha, programu nyingine zilikuwa za zamani, wala hapakuwa na kinga dhidi ya virusi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 2011 waziri wa Uholanzi alitangaza kwamba serikali haiiamini tena DigiNotar. Tarehe 20 mwezi huo huo kampuni ilitangazwa kuwa imefilisika.

Sitasema kwamba ununuzi ndio ulioleta wezi. Pengine wangeingia hata kama mwenye kampuni angekuwa yule wa kwanza. Lakini mnunuzi alilipa yuro milioni 10, akatazama vitabu vya hesabu, akawahesabu wateja, na miezi mitano baadaye mlango ulikuwa wazi vile vile. Alichonunua hasa kilikuwa ni imani ya watu, na kitu hicho hakikuwa na kinga. Tena waliodhurika hawakuwa wateja wa DigiNotar. Hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake, wala hawakujua kwamba imeuzwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini katika mambo haya anayefika mwisho wa njia hiyo mara nyingi si mwongo mwenyewe, ni msafiri mwingine asiye na kosa.

Mfano wa tatu ni wa uuzaji wa siri. Katika Israeli kulikuwa na kampuni iitwayo StartCom, iliyopendwa na watu wengi wasio na fedha kwa kuwa ilitoa vyeti bure. Katika China kulikuwa na kampuni iitwayo WoSign. Kufikia Novemba 2015 WoSign ilikuwa imeinunua StartCom yote, wala haikuwaambia watu. Masharti ya Mozilla yalitaka mabadiliko ya mwenye kampuni yatangazwe. Mwaka 2016 watu walipoanza kuona dalili, hawakupewa majibu ya wazi upesi. Tena ilionekana kwamba WoSign ilitoa vyeti vya aina ya zamani iliyokwisha kukatazwa tangu Januari 2016, ikaviandika tarehe ya mwaka 2015 ili vionekane halali. Mwanafunzi yeyote ajua jina la kosa hilo: ni sawa na kupeleka kazi iliyochelewa kwa mwalimu na kuandika juu yake tarehe ya wiki iliyopita.

Mozilla ilitangaza mnamo Oktoba 2016 kwamba haitaamini vyeti vipya vya kampuni hizo mbili, na wengine wakafuata. Mwanzoni mwa mwaka 2018 StartCom iliacha kutoa vyeti. Naona uchungu kwa ajili ya StartCom, maana iliwasaidia watu maskini wakati wengine walitaka fedha nyingi. Lakini walioitegemea walikuja kugundua kwamba mkono waliokuwa wameushika haukuwa tena ule walioudhania.

Najua kuna wenye maoni mengine. Wengine husema kwamba biashara ni biashara. Mwenye mali ana haki ya kuuza, na tukiweka masharti mengi hakuna atakayeingia katika kazi hii. Hao nawajibu kwamba sisemi watu wasiuze. Mtoa vyeti akiwa mgonjwa au akichoka, ni afadhali amwuzie mwenye nguvu kuliko kufunga duka ghafula na kuziacha tovuti elfu nyingi bila kinga. Ninachokataa ni mtu kudhani kwamba imani ni bidhaa iliyomo katika orodha ya vitu vya dukani.

Na hapa narudi kwa DigiCert, kama nilivyoahidi. Uuzaji ule wa mwaka 2017 ulifanywa hadharani. Wenye vivinjari walikuwa wamekwisha kusema kwamba mashina ya zamani ya Symantec hayataaminiwa tena, na kwamba kazi ya kuthibitisha waombaji lazima ihamie katika mitambo mingine tangu Desemba 2017. DigiCert haikuruhusiwa kuuchukua muhuri wa zamani na kuendelea nao kana kwamba hakuna lililotokea. Ilibidi tovuti zithibitishwe upya na kupewa vyeti vipya chini ya shina lingine, na mnamo Oktoba 2018 Chrome ilianza kuyakataa mashina yale ya zamani. Ilikuwa kazi kubwa na ya taabu. Lakini tazameni jinsi ilivyo haki: jina liliuzwa, imani ikaanza upya. Ndivyo hasa ninavyotaka mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mradi mhunzi akubali kutengeneza koleo jipya.

Mambo haya hayajaisha. Mnamo Juni 2024 Google ilitangaza kwamba haitaamini vyeti vipya vya Entrust, kampuni ya siku nyingi, kwa kuwa ilikosea mara kwa mara na kuahidi kujirekebisha pasipo kutimiza. Mwaka 2025 kazi yake hiyo ya vyeti ilinunuliwa na Sectigo. Na Sectigo yenyewe ni nani? Ni ile iliyoitwa zamani Comodo CA, ikauzwa mwaka 2017 kwa kampuni ya wawekezaji iitwayo Francisco Partners, ikabadilishwa jina mwaka 2018. Sisemi kwamba ina ubaya. Nasema tu kwamba mtu akitaka kujua anamwamini nani, itambidi afuate nyayo nyingi.

Basi kifanywe nini? Nina mashauri matatu.

La kwanza, uuzaji utangazwe kabla haujafanyika, wala si baada yake. Mozilla ina sharti kwamba kampuni mpya isiyojulikana ikimnunua mtoa vyeti, haiwezi kuanza kutoa vyeti mpaka jambo hilo lizungumzwe hadharani na kukubaliwa. Sharti hilo ni jema, na kila mwenye orodha alishike kwa nguvu ile ile, bila kujali ukubwa wa mnunuzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi mwema hataogopa kutazamwa.

La pili, madaftari yawe wazi. Siku hizi kuna madaftari ya hadharani ambamo vyeti vinavyotolewa huandikwa, na tangu Aprili 2018 Chrome hukataa cheti kipya kisichoandikwa humo. Kwa madaftari hayo ndipo cheti kile cha uongo cha mwaka 2015 kilipoonekana, na yule mtafiti wa 2017 alikuwa mtu mmoja tu, aliyekaa akasoma kilichokuwa wazi kwa wote. Mwaka 2011 madaftari hayo hayakuwapo, na ilibidi mtu wa Iran ashtuke kwanza.

La tatu latuhusu sisi wenyewe. Orodha ile hutungwa mbali, na wazungumzaji wake ni watu wa mbali. Pengine hatuwezi kubadilisha hilo kesho. Lakini madaftari hayaulizi pasipoti, na mazungumzo ya Mozilla husomwa na yeyote ajuaye kusoma. Kama kijana wa Afrika Kusini aliweza kuanzisha kampuni ya vyeti katika gereji mwaka 1995, kijana wa shule yetu aweza leo kuketi jioni moja akatazama ni vyeti gani vimetolewa kwa jina la benki ya baba yake, na nani amevitoa. Akiona kisichoeleweka, na aulize. Benki zetu, shule zetu na ofisi zetu zipate mtu mmoja kila moja wa kufanya kazi hiyo. Si kazi ya fedha nyingi, ni kazi ya macho na ya subira.

Nawe, kijana uliyeniuliza swali lile, nakuomba radhi kwa jibu langu la siku ile. Sasa nakujibu hivi. Baba yako hakumwamini mwenye muhuri kwa kumjua. Aliaminishwa na watu wengine, nao waliaminishwa kwa masharti, na masharti hayo yana nguvu tu pale watu wanapoyatazama na kuuliza. Ulipobonyeza na kuuliza, ulifanya sehemu yako. Usiache. Ukimaliza shule hii utapewa barua yenye muhuri, na mwajiri atakupokea kwa ajili ya wale waliotangulia. Muhuri huo umeazimwa, kama wa kampuni hizi zote nilizozitaja. Usiuuze, wala usimpe mtu autumie usipokuwapo.

Kama kuna mwenye maoni mengine, na ayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani